Mkono wa Kulia wa Alistidia

Tangu kiharusi kimwangushe, Alistidia hakuwa ameachwa peke yake nyumbani hata robo saa, na hilo, Mungu amsamehe, ndilo lililokuwa jambo tamu kuliko yote yaliyompata katika miaka saba.

Chai ikiwa haijachemka, Shamsia wa ng'ambo ya barabara alikwisha kuingia, kanga mabegani, anasema, "Sikai, shoga, nimepita tu," kisha anakaa mpaka adhana ya adhuhuri. Akitoka yeye wanaingia akina mama wa usharika. Renatha, kiongozi wao, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuamuru, alikuwa amewapangia zamu: Jumatatu wa kufua, Jumatano wa kupalilia migomba, Ijumaa wa kusali na kula, ingawa kula kulikuwa kila siku. Viti vya plastiki viliazimwa kutoka nyumba tatu na havikurudishwa. Jikoni alikuwepo Lilian, binti yake wa pekee. Sebuleni juu ya mkeka alikuwepo Joanitha, binti wa Lilian, miaka kumi, akifanya hesabu kwa sauti. Na katikati ya wote hao, kwenye kochi, miguu imefunikwa kitenge, alikaa mgonjwa mwenyewe, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto, mdomo ukifanya kazi yake.

Maana mdomo ulipona kwanza. Wiki mbili tu maneno yalimpinda, halafu yakarudi yote na nyongeza.

Kabla ya hapo, nyumba hiyo ya Ijuganyondo, pembeni mwa Bukoba, ilikuwa kimya kiasi kwamba ungemsikia mende akitembea. Enzi za mumewe Rugambwa, aliyekuwa akinunua kahawa vijijini, palikuwa hapapiti siku bila mgeni. Watu walikunywa, walikula, walilala hata ukumbini. Rugambwa alipozikwa, wageni walizikwa naye. Lilian alikuwa Muleba, karani katika ofisi ya kampuni moja ya samaki, mwendo wa basi usiofika hata nusu ya asubuhi, lakini alikuja Krismasi na Pasaka tu, na mikate miwili, na jicho kwenye simu kuangalia saa. Alistidia alifikia hatua ya kusimama barabarani na jembe begani, akimuuliza kila mpita njia habari ambazo alishazijua, ili mradi ajibiwe.

Kisha mwezi wa nane, akipunguza majani makavu ya migomba, panga lilimtoka mkononi naye akalifuata chini. Shamsia ndiye aliyemkuta. Hospitali walisema kiharusi, upande wa kulia. Lilian akaomba likizo ya miezi mitatu bila mshahara, akamhamisha Joanitha shule, akaja na godoro.

Mguu ulirudi kwa fimbo. Mkono ndio uliobaki unaning'inia, na kwa ajili ya mkono huo hospitali ilikuwa ikimtuma Farida.

Farida alikuwa msichana mwembamba wa mjini, amefunga ushungi wake vizuri, anakuja kila Jumanne kwa bodaboda na mkoba wa vitu vya ajabu: vibanio vya nguo, vifuniko vya chupa, kitambaa kilichoshonewa vifungo vikubwa na vidogo. Kazi yake, alieleza, inaitwa tiba kwa vitendo: kumfundisha mtu upya mambo aliyoyafanya toka utotoni bila kuyafikiria. Siku ya kwanza aliwatoa wote sebuleni, hata Renatha, ambaye hakuwa amewahi kutolewa mahali.

"Leo hakuna kumvalisha," Farida alisema. "Mama, mkono mgonjwa unaingia kwanza kwenye nguo, na unatoka wa mwisho. Rudia."

"Unaingia kwanza, unatoka wa mwisho. Kama mwenyekiti wa mtaa kwenye sherehe."

Farida alicheka, lakini hakumsaidia. Alikaa, mikono mapajani, akamwangalia akihangaika na gauni dakika ishirini mpaka jasho likamtiririka. Alivingirisha mpira wa baiskeli kwenye mpini wa kijiko ili ushikike. Alimshonea mfuko wa taulo wa kuvaa kiganjani, sabuni ndani yake. Aliagiza kiti cha plastiki kiwekwe bafuni na mti wa kushikilia upigiliwe ukutani chooni. Na kila aliyetia mkono kusaidia alikatazwa: "Mwacheni. Mnamwonea huruma mnamlemaza."

Lilian alimsindikiza hadi mlangoni. Alistidia, masikio yake hayakuwa yamepooza, aliwasikia.

"Dada Farida, niambie ukweli. Nitarudi kazini lini?"

"Mambo manne," alisema Farida. "Kuvaa, kula, kuoga, kwenda chooni. Akiyaweza manne bila mtu, hata kesho yake unapanda basi."

Kwenye kochi, Alistidia alivuta kitenge mpaka kiunoni. Manne. Akayahesabu, na kila alilolihesabu lilimtoa mtu mmoja chumbani.

Hata hivyo alifanya mazoezi, tena kwa bidii; hakuwa mtu wa kushindwa na kifungo. Na Jumapili moja, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, wote wamekwenda ibadani, naye Shamsia, aliyeachiwa zamu, anasinzia sebuleni, Alistidia alikuwa kitandani na gauni la bluu lenye vifungo sita. Kidole gumba kiligusa kifungo cha juu. Cha shahada kikakisukuma. Kikaingia. Alidhani anaota. Akafanya cha pili, cha tatu, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika, mpaka cha sita. Alikaa akijitazama kifuani, machozi yanamshuka, anataka kupiga kelele.

Ndipo aliposikia mlango wa uani. Joanitha akacheka kitu, sufuria ikagonga jiko, na Lilian akaita kwa sauti ile laini ambayo hakuwa amemwitia tangu alipokuwa msichana: "Mama, usiinuke! Nakuja kukuvalisha!"

Alistidia alitazama mlango. Halafu akaanza kuvifungua. Kuvifungua kulikuwa kugumu kuliko kuvifunga, vidole vinateleza, cha mwisho kilimalizika kitasa kikizunguka. Lilian alimkuta gauni wazi, mkono umelala.

"Pole, Mama. Haya, mkono mgonjwa kwanza."

"Mkono mgonjwa kwanza," aliitikia.

Kuanzia hapo akawa na maisha mawili. Akiwa peke yake chumbani, mkono wa kulia ulikunja shuka, ulichana nywele, ulifungua kopo la mafuta. Mlango ukilia, unarudi kwenye mto. Alilishwa ndizi na Renatha, kijiko baada ya kijiko, na kati ya vijiko akapata habari za usharika mzima. Aliogeshwa na Lilian, mkono unaning'inia, na wakati wa kuogeshwa Lilian alimsimulia mambo ya mumewe ambayo asingeyasema mezani. Ulikuwa wizi? Alijiuliza mara moja, akajijibu kwamba mtu haibi kwa mwanawe mwenyewe.

Farida ndiye aliyemgundua. Jumanne moja, wakiwa wawili chumbani, alimshika mkono wa kushoto, ule mzima, akautazama.

"Kucha hizi amekukata nani?"

"Lilian."

"Nimemkuta Lilian nje nikamuuliza nani anakukata kucha. Anasema hajakukata tangu mwezi wa tisa." Farida alishusha sauti. "Mama, mtu aliyepooza mkono wa kulia hawezi kushika wembe akakata kucha za kushoto."

Alistidia aliuvuta mkono wake, akauficha chini ya kitenge.

"Unaficha nini? Unaogopa nini?"

"We Farida, una mama?"

"Ninaye. Yuko Kemondo."

"Unakwenda kwake lini?"

Farida alifungua mkoba, akaufunga. "Idi," alisema.

"Haya basi."

Sebuleni Renatha alisikika akimpangia mtu zamu.

"Sitamwambia Lilian," Farida alisema mwishowe. "Mwili ni wako na siri ni yako. Lakini mimi naandika ninachoonyeshwa. Ukinionyesha mkono umelala nitaandika umelala, naye ataendelea kukaa. Hilo litakuwa la kwako, si la kwangu. Ila mwambie, Mama. Mwambie mwenyewe kabla hajajua."

Alikusudia. Kweli alikusudia. Miezi mitatu iliisha, Lilian akaomba mmoja zaidi. Katikati ya mwezi wa kumi na moja Alistidia alimsikia nyuma ya jiko akiongea na simu.

"Bosi, miaka tisa nimekaa kwenye kiti hicho... Ndiyo, najua umeshamweka mtu... Goziba? Bosi, Goziba ni kisiwani, mtoto wangu nitamfanya nini huko?... Sawa. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Mama yangu hawezi hata kujifungia gauni."

Usiku ule usingizi ulimruka Alistidia, na asubuhi aliamka na maneno tayari mdomoni. Lakini Shamsia aliingia na habari ya fundi aliyekimbia na mlango wa mtu, Joanitha akaja kumlalia pajani, chai ikamiminwa, na maneno yakasubiri. Kesho yake tena yakasubiri.

Wiki ya mwisho ya mwezi, senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka. Mji mzima ulikuwa unanuka kitunguu na senene, na Jumamosi Renatha alileta gunia lililojaa robo tatu, bado wanarukaruka ndani. Nyumba ilifurika. Sinia kubwa liliwekwa katikati, wanawake wanane wakalizunguka, kila mmoja anachota fungu lake na kunyonyoa mbawa na miguu. Alistidia aliwekewa fungu dogo mapajani, la mkono wa kushoto, ajisikie yumo.

Na Shamsia alikuwa na jambo. Alisubiri mpaka wote wametulia, maana alijua kuuza.

"Mmesikia ya Bwana Kyaruzi?"

"Yule mwalimu wa kwaya?" Renatha aliinua kichwa. "Si anaoa leo?"

"Ameoa jana! Binti wa miaka thelathini. Sasa bwana harusi, sitini na nne, mvi kichwa kizima. Kasema siendi hivi. Kachukua dawa ya viatu, nyeusi, kajipaka kichwa chote, kapiga brashi. Anang'aa!"

"Mawe! Mama yangu!" mmoja alishangaa.

"Wamefunga ndoa salama. Wametoka nje kupiga picha. Mvua ya Bukoba mnaijua, haipigi hodi."

Sebule ililipuka. Mtu alijigonga paja, senene wakatawanyika. Alistidia alicheka mpaka kifua kikamuuma.

"Ikashuka!" Shamsia aliendelea, akijichora mifereji usoni. "Hapa, na hapa, na kwenye kola! Bibi harusi kageuka ampe busu, kakutana na mkaa. Shela jeupe, alama za vidole vitano!"

"Sasa yeye Kyaruzi akasemaje?" aliuliza Alistidia, ameinama mbele, macho yanawaka. "Si mtu wa kukosa neno yule. Mimi namjua, mwaka ule alipoanguka na kinanda alisema sakafu ndiyo imehama. Alisemaje, Shamsia? Usinikatie hapo!"

Shamsia alishusha mikono toka usoni. Alikuwa anatazama mapajani mwa Alistidia. Renatha naye. Kicheko kilipungua, kikabaki kwa mmoja, kikaisha.

Alistidia alishusha macho. Mkono wa kulia ulikuwa kazini. Ulikuwa umechukua senene, umemgeuza, umechomoa mbawa mbili na miguu, umemtupa kwenye bakuli na kufuata mwingine, haraka, kama ulivyofanya kila mwaka kwa miaka hamsini. Bakuli lilikuwa limefika nusu.

"Mungu ametenda!" Renatha alipaza sauti, akasimama, senene wakamwagika. "Jamani, mbele ya macho yetu! Haleluya!" Akaanzisha wimbo, na wengine wakaudaka, mmoja akipiga vigelegele.

Na Alistidia aliuona mlango wa kuponea ukimfungukia. Muujiza. Achukue tu muujiza. "Ni leo," alisema. "Ni leo hii, Bwana asifiwe..."

Lilian alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Hakuimba. Alipita kati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya mama yake, akachota fungu la senene na kulimimina mapajani.

"Nyonyoa tena, Mama."

"Lilian, mwanangu..."

"Nyonyoa."

Wimbo ulikufa. Alistidia alichukua senene mmoja. Alijaribu kwenda polepole, alijaribu kumwangusha, lakini vidole vilikataa kudanganya mbele ya watu wengi hivyo. Mbawa, mbawa, miguu. Lilian aliushika ule mkono, akaukunjua, akatazama gumba na cha shahada.

"Mkono uliopona leo hauendi hivi. Tangu lini?"

"Waitu, nakuomba, Lilian, watu wapo."

"Watu nimewaona. Ndio walikuwa wakikulisha. Tangu lini?"

"Miezi miwili," alisema Alistidia. "Kasoro siku kidogo."

Hakuna aliyetikisika isipokuwa senene waliokuwa bado hai.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeondoka."

"Ningeondoka, ndiyo, ningekuwa kwenye kiti changu! Ningekuja kila Jumamosi kukuona."

"Miaka saba, Lilian, Jumamosi zilikuwepo."

Hilo lilimwingia. Lilian alifumba macho, na kwa sekunde moja Alistidia alifikiri ameshinda, kwamba sasa watalia pamoja na yataisha. Lakini Lilian alipofumbua macho, sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Nilikuwa nakuogesha, Mama. Kila mahali. Nilikuwa nageuza uso ili usione aibu. Na wewe ulikuwa unaweza."

Akainuka, akaweka mwiko juu ya sinia, akamwambia Joanitha akusanye madaftari.

Waliondoka siku hiyohiyo kwa basi la mchana. Joanitha alibaki Muleba kwa baba yake. Lilian akapanda boti kwenda Goziba, kuhesabu samaki wa watu kambini, mahali ambapo ukipiga simu mara tatu inaita mara moja. Hiyo moja hakuipokea.

Kuhusu majirani, Alistidia alijua jinsi habari inavyotembea, alikuwa ameitembeza mwenyewe miaka mingi. Kabla ya jioni ilikuwa imeshafika stendi, imenenepa njiani: kwamba hakuwahi kupooza kabisa, kwamba usiku alikuwa akilima. Bwana Kyaruzi alisahauliwa hata kabla ya shela kufuliwa. Renatha alituma mtu kuchukua viti. Yeye mwenyewe alikuja mara moja tu, akasimama barazani, hakuketi.

"Nina wajukuu wanne nyumbani," alisema. "Niliwaacha wakila chakula cha baridi, nije nikulishe wewe cha moto. Sisemi mengi, Mama Lilian. Nakuombea." Akashuka ngazi.

Shamsia ndiye pekee aliyeendelea kupita, lakini sasa akisema "sikai," hakukaa.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili Farida alikuja. Alistidia alikuwa ameoga, amevaa gauni la bluu, amechemsha chai na kuimimina katika vikombe viwili, mwenyewe, kwa mkono ule. Farida alimwonyesha karatasi iliyojaa alama: kuvaa, kula, kuoga, chooni, na chini yake mambo mengine ambayo hawakuwahi hata kuyaanza na bado aliyaweza.

"Sijapata mgonjwa kama wewe," alisema Farida, na alimaanisha. "Kazi yangu kwako imekwisha, Mama. Jumanne ijayo sitakuja. Kuna mzee wa Kashai hawezi kushika kitu, nimempa nafasi yako."

"Hata kunisalimia tu? Ukipita?"

"Ijuganyondo si njiani kwangu." Alimalizia chai, akakikumbatia kikombe kwa viganja viwili kama anayejipasha joto. "Nitajitahidi. Lakini usiningojee."

Alistidia aliitikia kwa kichwa. Aliinua kikombe chake, akakitazama, na kwa taratibu vidole vya mkono wa kulia vilianza kulegea. Mkono ukadondoka pajani, kiganja juu, kama zamani. Kikombe kiligonga sakafu bila kuvunjika, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa meza, chai ikakifuata.

"Ona," alisema, bila kumtazama usoni. "Ona, bojo, mwanangu. Umeanza tena."

Farida alikiangalia kikombe. Aliangalia ule mkono, kisha ule uso mzee uliotazama ukutani. Halafu alivaa mkoba wake begani.

"Okota, Mama," alisema. "Unaweza."

Alikwenda akasimama mlangoni, akingoja mpaka Alistidia akainama.